Umeme kwa Shaba, Makala kwa Jiko: Historia ya Sera za Nishati, Kutoka Katanga Hadi kwa Majirani

KASOMENO, Haut-Katanga – Katika njia panda ya Kasomeno hupita magari yanayotoka Kasenga na bonde la Luapula kuelekea Lubumbashi. Yanabeba samaki, yanabeba mahindi, na juu ya mizigo yote yanabeba magunia ya makala, yale ambayo Wakenya na Watanzania huyaita mkaa. Kila gunia ni kipande cha msitu kinachokwenda mjini kupika bukari.

Karibu kila nchi ya ukanda huu ina sera ya nishati, na karibu kila sera ina ukurasa juu ya mazingira. Ila neno hilo halina maana moja kila mahali. Nairobi likitajwa, watu hufikiria mvuke wa ardhini na upepo. Lusaka hufikiria mvua na kina cha maji ya Kariba. Dodoma siku hizi hufikiria jiko la mama lishe. Kinshasa hufikiria Inga na msitu mkubwa wa mvua wa kaskazini. Mtu wa Kasomeno ana haki ya kuuliza: je, mti wa hapa, mtondo na msamba unaokatwa leo, umo katika sera ya nani? Ili kulijibu swali hilo ni lazima kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Kwanza ilikuwa shaba

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilianza kuyeyusha shaba. Makaa ya mawe na koki vililetwa kwa treni kutoka Wankie, Rhodesia ya Kusini. Tangu siku hiyo ya kwanza nishati ya Katanga ilipimwa kwa kitu kimoja: tani za shaba.

Makaa ya kuagiza yalikuwa ghali, na kampuni ikatazama mito. Mwaka 1930 kituo cha Mwadingusha kilianza kutoa umeme kwenye maporomoko ya mto Lufira. Bwawa lake lilifunika bonde na kuzaa ziwa Tshangalele. Baadaye kikaja kituo cha Koni, chini kidogo kwenye mto huo huo, kisha katika miaka ya 1950 vikaja Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba. Huo ndio umeme ambao leo ungeitwa safi, kwa kuwa hautoi moshi. Lakini wakati ule hakuna aliyeujenga kwa ajili ya usafi. Ulijengwa kwa sababu ulikuwa rahisi kuliko makaa ya mawe.

Uchafu ulibaki mahali pengine. Moshi wa tanuru la Lubumbashi, ukisukumwa na upepo wa kusini-mashariki, uliangusha metali juu ya udongo wa upande wa kaskazini-magharibi kwa miongo mingi. Mpaka leo katika sehemu za Penga Penga majani huota kwa shida. Maji ya viwanda vya Likasi nayo yaliteremka kupitia mito hadi ziwa Tshangalele, ambamo watu huvua samaki. Mfano huu ni mzuri kukumbukwa kila mara mtu anaposema kwamba umeme wa maji hauna madhara: swali ni umeme huo unakwenda kufanya kazi gani.

Katika miaka ya 1950 umeme wa Nseke ulivuka hata mpaka. Waya mrefu ulijengwa hadi Kitwe ili kuhudumia migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, iliyokuwa na upungufu. Kisha Kariba ikajengwa juu ya Zambezi. Ilianza kutoa umeme mwishoni mwa mwaka 1959 na ikafunguliwa rasmi Mei 1960. Watu wapatao 57,000, wengi wao Watonga, walihamishwa kutoka bonde hilo. Wakati maji yakipanda, kazi iliyovuta macho ya magazeti ya dunia ilikuwa Operesheni Noah, ya kuwaokoa wanyama zaidi ya 6,000. Katika hesabu ya wakati ule, mazingira yalikuwa wanyama. Watu waliopoteza mashamba ya kando ya mto waliandikwa kama gharama ya ujenzi.

Waya uliopita juu ya vijiji

Baada ya uhuru, hesabu haikubadilika sana. Shirika la taifa la umeme, SNEL, liliundwa mwaka 1970. Inga I ilianza kazi mwaka 1972 na Inga II mwaka 1982, zote mbili pamoja zikiwa na uwezo wa kama megawati 1,775. Mwaka huo huo wa 1982 ulikamilika waya wa Inga hadi Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ambao watu wengi bado wanauita Inga-Shaba.

Waya huo unabeba umeme wa mkondo mmoja wenye nguvu ya volti 500,000. Kwa namna ulivyojengwa, hauwezi kugawa umeme njiani kama waya wa kawaida. Kuushusha katikati kungehitaji kituo cha gharama kubwa mno. Kwa hiyo ulipita juu ya mamia ya vijiji bila kuwasha hata taa moja, ukafika kwenye migodi. Mafundi wanaweza kueleza faida zake kwa safari ndefu, na ni za kweli. Lakini sera ilikuwa imesema wazi nani ni mteja na nani ni mtazamaji.

Mtazamaji alihitaji kupika, na alipika kwa makala. Miaka ya 1990 ilipofika, Gécamines ikaanguka, mishahara ikakatika, na mitambo ya SNEL ikachakaa. Watu wengi wa mji walirudi kwenye udongo na kwenye miti. Kisha, baada ya kodi ya madini ya mwaka 2002, makampuni ya migodi yakarudi kwa wingi na watu wakaongezeka Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Migodi ikadai umeme mwingi kuliko uliokuwepo, hata ikabidi mingine inunue kutoka Zambia na nchi za kusini zaidi. Mwadingusha yenyewe ilifanyiwa ukarabati pamoja na kampuni ya Ivanhoe, na kufikia mwaka 2021 megawati zake 78 zilikuwa zikilisha mgodi wa Kamoa-Kakula. Huko mitaani delestaji iliendelea, na mbabula ikabaki jiko la kweli hata katika nyumba zenye mita ya SNEL.

Hapo ndipo msitu wa miombo ulipoingia katika hesabu bila kuandikwa popote. Kwenye tanuru la udongo la kawaida, kilo moja ya makala hula kilo tano hadi kumi za kuni. Kwanza miti iliisha kando ya mji, kisha wachomaji wakasogea: barabara ya Likasi, barabara ya Kasumbalesa, barabara ya Kasenga. Kila mwaka safari ya gunia inakuwa ndefu zaidi.

Sheria mbili za mwaka mmoja

Kongo haikukosa sheria. Kodi ya misitu ni ya Agosti 2002. Sheria ya msingi juu ya mazingira ni ya Julai 2011. Ila mwaka wa kutazama kwa makini ni 2014.

Tarehe 17 Juni 2014 ilitolewa sheria namba 14/011 juu ya sekta ya umeme. Iliondoa ukiritimba wa SNEL, ikafungua mlango kwa makampuni ya watu binafsi na kuyapa majimbo sehemu ya madaraka. Siku 46 baadaye, tarehe 2 Agosti 2014, ilitolewa dekreti namba 14/018, inayoruhusu jamii za wenyeji kupata haki ya kudumu juu ya msitu wao, hadi hekta 50,000, na kuusimamia wenyewe.

Maandishi hayo mawili yana faida, kila moja kwa upande wake. Lakini ya kwanza inahusu umeme, na ya pili inahusu msitu. Jiko liko katikati yao. Makala ndiyo nishati ya wananchi wengi wa nchi hii, ambamo chini ya robo ya watu wana umeme. Hata hivyo katika ofisi makala ni habari ya misitu, yaani ya vibali na kodi, wala si habari ya nishati. Mpanga umeme hahesabu magunia, na mlinzi wa msitu hana umeme wa kumpa mtu aache kuchoma.

Mbele ya dunia, Kongo hujitaja kuwa nchi ya suluhisho. Mwezi Novemba 2021 huko Glasgow ilitia saini mapatano na mfuko wa CAFI yaliyoahidi dola milioni 500 kwa miaka mitano ya kwanza kwa ajili ya kulinda misitu. Julai 2022 serikali hiyo hiyo iliweka kwenye mnada maeneo 27 ya mafuta na 3 ya gesi, mengine yakiwa ndani ya misitu. Mnada wa mafuta ulifutwa Oktoba 2024. Mabishano yote hayo yalihusu msitu wa mvua. Miombo ya Katanga, ambayo huacha majani wakati wa kiangazi na haina sifa ya msitu wa picha, ilitajwa kwa nadra.

Zambia: mvua ikikosa, mti hulipa

Ng'ambo ya Luapula, Zambia ilitoa sera yake ya kwanza ya nishati mwaka 1994, ikairekebisha mwaka 2008 na tena 2019. Kinyume na Kongo, kuni na makala vina nafasi katika sera hizo, na sheria ya misitu ya mwaka 2015 inadai kibali kwa mchomaji na kwa msafirishaji.

Udhaifu wake uko kwingine. Zaidi ya megawati nane kwa kila kumi za Zambia zilitegemea maji. Ukame wa 2015 ulipunguza umeme wa Kariba. Mwaka 2016 kituo cha makaa ya mawe cha Maamba, megawati 300, kilianza kazi. Ukame wa 2024 ulikuwa mkali zaidi: Februari 29 Rais Hakainde Hichilema alitangaza janga la taifa, na baadaye mwaka huo nyumba nyingi zilikaa gizani sehemu kubwa ya siku. Familia ya Lusaka iliyokuwa ikipikia umeme ilirudi kwenye mbaula, kama jirani yake wa Lubumbashi. Somo la Zambia ni kwamba umeme unaotegemea mto mmoja haulindi msitu. Mto ukikauka, msitu ndio akiba.

Kenya: umeme safi, marufuku ngumu

Kenya ilianza kuvuna mvuke wa Olkaria mwaka 1981, na leo karibu tisa ya kumi ya umeme wake hutoka kwenye mvuke, maji, upepo na jua. Ilipotaka kujenga kituo cha makaa ya mawe Lamu, wenyeji walikwenda mahakamani, na Juni 2019 Baraza la Taifa la Rufaa za Mazingira likafuta kibali chake kwa sababu, pamoja na mambo mengine, wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Hapo sheria ya mazingira ilikuwa na meno.

Jikoni habari ni tofauti. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma kwa siku 90. Siku 90 zikawa miaka mitano, hadi Julai 2023. Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa, na mabishano yakafika hadi lori kuchomwa moto barabarani. Wakati huo huo kodi ya gesi ya kupikia ilipanda na kushuka kama bembea: iliondolewa 2016, ikarudi kwa asilimia 16 mwaka 2021, ikawa 8 mwaka 2022, ikaondolewa tena 2023. Mkono mmoja ulimwambia mama aache mkaa, mkono mwingine ulimwongezea bei ya gesi.

Tanzania: kutoka marufuku hadi jiko

Tanzania ilijaribu njia ya mkato mapema. Mwaka 2006 ilipiga marufuku usafirishaji wa mkaa, na marufuku hiyo haikudumu, kwa kuwa Dar es Salaam haikuwa na kitu kingine cha kupikia. Kwa upande wa umeme, nchi ilichagua kwa uwazi: bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lilijengwa kuanzia 2019 kwenye mto Rufiji ndani ya Selous, eneo la urithi wa dunia tangu 1982, ingawa wahifadhi wengi walipinga. Serikali ilijibu kwamba umeme wa bei nafuu ndio utakaoponya misitu inayokatwa kwa mkaa. Jibu hilo litathibitika tu umeme ukifika kwenye sufuria.

Kuna dalili kwamba suala hilo limeeleweka. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, kama shule na magereza, ziliamriwa kuachana na kuni na mkaa. Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo si matokeo. Lakini kwa mara ya kwanza jiko limewekewa namba na tarehe, kama bwawa linavyowekewa.

Afrika ina mfano wa zamani zaidi. Senegal, baada ya ukame mkubwa wa Sahel, ilianza mwaka 1974 kueneza gesi ya mitungi midogo ili kupunguza ukataji miti, na kwa muda mrefu serikali ilichangia bei. Mchango ulipoondolewa mwaka 2009, kaya nyingi zilirudi kwa makala. Gesi ilifanya kazi kwa muda ule ambao maskini aliweza kuinunua.

Mfano ulio ndani ya Kongo

Si lazima kwenda mbali hivyo. Katika Kivu ya Kaskazini, makala yaliyochomwa ndani ya hifadhi ya Virunga yalipikia Goma na kuyatajirisha makundi yenye silaha. Hifadhi ilijenga vituo vya umeme wa maji: Mutwanga mwaka 2013, kisha Matebe, megawati 13.6, mwaka 2015 wilayani Rutshuru, na baadaye Luviro. Umeme ulikwenda kwa nyumba, hospitali na viwanda vidogo. Vita vimeirudisha nyuma kazi hiyo mara nyingi, na makala hayajaisha. Lakini ni mahali pa nadra nchini ambapo aliyepewa kulinda mti na aliyepewa kugawa umeme walikaa katika nyumba moja.

Kasomeno inapoteza nini

Ukiweka nchi hizi kando kwa kando, tofauti kubwa haiko katika maneno mazuri ya dibaji. Iko katika maswali matatu. Nani anahesabiwa kuwa mtumiaji wa nishati? Anayeambiwa aache makala anapewa nini badala yake, na kwa bei gani? Na mwenyeji wa msitu ana haki gani juu ya mti kabla haujawa gunia? Kenya imejibu vizuri kuhusu umeme na vibaya kuhusu jiko. Zambia imeandika jiko katika sera, ila imelitundika juu ya mvua. Tanzania imechelewa kujibu lakini imejibu. Kongo ina jibu la swali la tatu tangu Agosti 2014, na bado haijalijibu la kwanza.

Kwa Kasomeno haya si mazungumzo ya semina. Miombo ndiyo inayotoa viwavi na uyoga wa masika, asali, dawa na miti ya kujengea. Miombo ina uvumilivu: visiki vyake huchipua vikiachwa. Haivumilii kukatwa, kulimwa na kuchomwa kila mwaka bila kupumzika. Kwa upande mwingine, gunia la makala hulipa karo ya shule na dawa za hospitali. Mchomaji si adui wa msitu. Mara nyingi ni mkulima ambaye mahindi hayakumtosha, na marufuku isiyompa kazi nyingine itamfanya achome usiku.

Wakati wenyewe ni mfupi. Mradi wa barabara ya Kasomeno hadi Mwenda, pamoja na daraja juu ya Luapula, unalenga kufupisha njia ya shaba kuelekea bahari ya Hindi. Barabara nzuri hushusha gharama ya kusafirisha samaki, na hushusha vilevile gharama ya kusafirisha makala. Machefu na vijiji vya barabara hii bado wana njia ya dekreti ya 2014: kuomba msitu wa jamii, kuupima, kugawa sehemu ya kukata kwa zamu na sehemu ya kupumzika. Jimbo nalo, kwa sheria ya Juni mwaka huo huo, lina mlango wa kuruhusu vituo vidogo vya umeme mahali ambapo waya wa migodi haushuki.

Mwaka 1930 Lufira iliwekwa kazini kwa ajili ya shaba, na mwaka 1982 Inga ikaletwa kwa ajili ya shaba. Kati ya miaka hiyo yote mti wa Kasomeno ulifanya kazi ya kupikia watu waliochimba shaba hiyo, bila kuandikwa katika mpango wowote. Kitu kinachotumika bila kuandikwa huisha bila kuonekana.